Milisekunde za Mheshimiwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi wa Majengo Matatu. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye nimearifiwa kwamba yuko njiani tangu jana. Ndugu Katibu wa Kamati, mtunza funguo za ukumbi huu na mwenye neno la mwisho kuhusu viti. Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Lifti. Wajumbe wa Kamati Ndogo inayochunguza Kamati Ndogo ya Lifti. Viongozi wa korido zote, za juu na za chini. Mafundi wa maji, umeme, simu, viatu na nywele. Wazee wetu mlioketi mbele kwa heshima yenu, na vijana wetu mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimekwisha. Mabibi na mabwana, wageni waalikwa na mliokuja bila kualikwa: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba ihesabike kuwa imezingatiwa. (Makofi. Kikohozi kirefu mstari wa tatu.)

Mimi, kama mnavyojua, na kama inavyosomeka kwenye bango hilo nyuma yangu, ambalo picha yangu imechukua robo tatu yake si kwa kupenda kwangu bali kwa ushauri wa wataalamu wa mabango, ndiye Mkurugenzi wa Kitengo cha Monitaringi na Evaluesheni ya Ucheleweshaji wa Mtandao wa Majumbani, kitengo ambacho ofisi yake, kwa unyenyekevu ambao sitaki kuusema sana, tuliamua kuiweka hapa hapa katikati yenu, ghorofa ya chini ya Jengo la Pili, ili tuvute hewa mnayovuta, tusikie kelele mnazosikia, na tutumie waya ule ule wa intaneti mnaoutumia ninyi. (Makofi ya wastani.) Nasema hivi, ndugu zangu: Ucheleweshaji! (Kimya.) Mnatakiwa kuitikia "Hatuutaki". Ucheleweshaji! (Kimya. Baadaye, kutoka kona moja: "Hatuutaki.") Jibu limechelewa kidogo, na hiyo ndiyo hasa mada yetu ya asubuhi hii.

Maana wengi mnanilalamikia kwamba intaneti ni mbovu, intaneti ni mbovu, kama mgonjwa anayemwambia daktari kwamba mwili wote unauma, lakini je, mmejiuliza, katika muktadha wa koordinesheni ya kimfumo na implementesheni ya viashiria vya kiutendaji, ni ubovu wa namna gani? Kompyuta yako inapiga hodi kwenye kompyuta ya mbali, na ile ya mbali inaitika karibu. Muda kati ya hodi na karibu ndio tunaouita ucheleweshaji, nao hupimwa kwa milisekunde, na milisekunde ni sekunde moja iliyokatwa vipande elfu moja, kazi ya kukata ambayo Kitengo changu kimeifanya bila kudondosha hata kipande kimoja. (Bibi wa mstari wa mbele, mkunga mstaafu mwenye masikio mazito, anamgeukia mke wa mwanawe aliyekaa naye: "Amesema nini?" Mke wa mwanawe, ambaye kazi yake ni ukalimani, anamjibu sikioni kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Nimesema mtandao ukipigiwa hodi unachelewa kuitika." Bibi: "Basi si angesema hivyo?" Kicheko.)

Namwona dada yetu mkalimani, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, ambaye ameinua mkono tangu nilipoanza salamu. Dada, mkono huo tunauona, tunauthamini, na tumeuingiza kwenye orodha. (Mkalimani anasimama: "Samahani, Mheshimiwa. Jaribio langu ni saa tano kamili. Sasa ni saa nne na dakika ishirini.") Ahsante, dada, kwa taarifa ya saa. Kaa.

Wala asifikirie mtu kwamba silijui jambo lake, kwani Kitengo kinalo kama mfano hai, yaani kesi stadi namba moja. Dada huyu, kwa wasiomjua, hufanya kazi nyumbani, mbele ya kompyuta, masikio yamefunikwa. Upande mmoja yuko daktari, upande mwingine yuko mgonjwa, hawajui lugha moja, na yeye yuko katikati anabeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Na kwa desturi ya kazi yao, ambayo nimeisoma vizuri, mkalimani haongezi wala hapunguzi, na akisema "mimi naumwa" siyo yeye anayeumwa, ni mgonjwa. Sasa, mtandao unapochelewa, mambo yanakwenda mrama. Wiki mbili zilizopita daktari alimuuliza mgonjwa kama dawa fulani inamdhuru, akajibu "ndiyo, sana", lakini ile ndiyo ikakaa njiani, ikafika wakati daktari ameshauliza swali lingine, kwamba je, unampenda mume wako? (Kicheko kirefu. Mkalimani hacheki.) Daktari akaandika dawa ile ile. Bahati nzuri dada huyu alipiga kelele mpaka ikafutwa, lakini wenye kazi wakamwambia: dada, kazi yako tunaipenda, waya wako hatuupendi. Leo saa tano kamili wanampima kwa robo saa. Hodi yake ikichukua zaidi ya milisekunde mia moja, mkataba umekwisha. Na kama wengi mnavyofahamu, nyumba ile ina watoto wawili, ina bibi huyu hapa mbele, na mshahara ni huo mmoja. (Ukumbi: "Pole, dada.")

Ndiyo maana, kwa uchungu mkubwa, tumeandaa Mpango Mkakati wa Awamu Saba. Awamu ya kwanza ni kutambua kwamba tatizo lipo. Awamu ya pili ni semina ya kuwajengea uwezo wale watakaolitambua. Awamu ya tatu ni ziara ya mafunzo, ambayo mimi binafsi nimekubali kujitoa mhanga kuiongoza, mahali ambapo intaneti ni nzuri, ili tuone haina nini. Awamu ya nne... (Mkalimani: "Mheshimiwa, ni leo. Zimebaki dakika thelathini na tano.") Awamu ya nne, dada, inahusu kasi.

Tusisahau, ndugu wadau, tulikotoka. Tangu mradi huu uanze miaka mitatu iliyopita, tumekwishafunga vifaa mia tatu na kumi na viwili vya kupimia, kimoja katika kila nyumba, vifaa vya kisasa vinavyopiga hodi kila dakika na kuandika jibu, na asilimia tisini na sita nukta nne ya wakazi wameridhika navyo. (Sauti: "Kwetu hakipo!" Sauti nyingine: "Wala kwetu!" Sauti ya mwanamke: "Kwetu ni kipi, lile tundu la ukutani?") Vifaa hivi ni vidogo. Teknolojia ya kisasa inakwenda ikipungua, na vya kwetu vimepungua kiasi kwamba jicho la kawaida haliwezi... Tafadhali. Tafadhali, tuheshimu jukwaa. (Fundi simu, aliyeegemea nguzo na bisibisi mfukoni: "Vipimo vyenyewe je? Tusomee basi tuone.") 

Swali zuri sana! Hilo ndilo swali la msomi. Mnadhani sisi ni watu wa maneno matupu? Katibu muhtasi wangu, leta ripoti ya vipimo. (Katibu muhtasi, mwanamama mtaratibu mwenye miwani, haondoki alipo.) Ripoti, katibu. (Katibu: "Bosi, labda ungeendelea kwanza na ukurasa wa tisa.") Wananchi wanataka data! Ile iliyoko mezani kwangu, niliiona asubuhi, yenye jalada la gazeti. (Katibu anatoka, anarudi na daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti, anamkabidhi, anafumba macho.) Ahsante. Mnaona? Imeandikwa kwa mkono, na nisiulizwe kwa nini, ni kwa sababu za usalama wa data. Sijapata nafasi ya kuipitia yote kwa wingi wa majukumu, kwa hiyo tutaisoma pamoja, kwa uwazi, na iingie kwenye kumbukumbu kwamba hotuba hii inarushwa mubashara kutoka kamera zangu tatu, ambazo leo zimehamishiwa hapa ukumbini.

Nasoma. "Jumatatu. Saa moja asubuhi, milisekunde ishirini na tisa. Saa mbili, thelathini. Saa mbili na nusu, mia tisa na arobaini. Saa tatu, elfu moja mia nane, daktari amekata simu. Saa sita, elfu moja mia tano. Saa kumi alasiri, mia tisa. Saa kumi na robo, ishirini na tisa." Oneni umakini huo! Robo saa haikuachwa ipite! Huyu ni mmoja wa wataalamu wangu, sijui ni yupi, lakini nitampandisha cheo. (Makofi. Bibi, akimgeukia mke wa mwanawe: "Si daftari lako hilo, mwanangu?" Mkalimani ameweka mkono mdomoni.)

"Jumanne, hali ni ile ile. Nimezima simu za watoto, hakuna badiliko. Nimehamisha ruta kutoka juu ya kabati hadi dirishani, hakuna badiliko. Nimeunganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja, hakuna badiliko. Nimemwomba jirani wa mkono wa kulia apime kwa simu yake, naye ni elfu moja na mia saba. Kwa hiyo tatizo haliko ndani ya nyumba yangu." Ndugu zangu, hii ndiyo inaitwa metodolojia. Huanzi kumtukana jirani wala kupiga kompyuta makofi. Unaondoa kitu kimoja, unapima, unaandika, unaondoa kingine, unapima, unaandika, mpaka mwizi abaki peke yake sebuleni. Haya ni mafunzo niliyoyatoa mimi mwenyewe. (Fundi simu: "Endelea, Mheshimiwa. Panakuwa patamu.")

Naendelea. "Jumapili, siku nzima, ishirini na nane. Siku ya sikukuu, ofisi zimefungwa, watu wote nyumbani, kila mtu anaangalia sinema, thelathini na tano tu." Ahaa. Hapa ripoti inatuonyesha kitu cha ajabu, kwamba intaneti yetu inapenda mapumziko. Inawezekana nayo inachoka, kama sisi watendaji. "Jumatano ya wiki ya pili, siku nzima, thelathini. Mkurugenzi hakuja ofisini. Ana mafua." (Kicheko kidogo.) Mtaona ripoti imegusia hata afya yangu, na ninashukuru, maana wachache hukumbuka kwamba kiongozi naye ana pua. "Alhamisi, mkurugenzi amepona. Saa mbili na nusu, elfu moja na mia mbili." (Kicheko kikubwa.) Sioni cha kuchekesha hapo, ndugu zangu. Nilipona, ndiyo.

"Ijumaa. Umeme umekatika ghorofa ya chini peke yake, saa nne. Kwetu juu upo. Saa nne na dakika mbili, ishirini na tisa. Umeme wa chini umerudi saa sita. Saa sita na dakika moja, elfu moja mia sita." Saa sita na... ndiyo. Ndivyo ilivyoandikwa. "Jumamosi, safi siku nzima, isipokuwa dakika arobaini mchana, mkurugenzi alipokuja ofisini kupigwa picha ya bango." (Ukumbi unalipuka.) Utulivu! Naomba utulivu! Kuna ukurasa mmoja umebaki. "Sijui chanzo. Mimi ni mkalimani, siongezi wala sipunguzi. Nimeandika nilichokiona kwa siku kumi na tisa. Naomba mwenye uwezo aangalie kilichopo ghorofa ya chini. Nimeleta daftari hili mapokezi kama tangazo lilivyoelekeza, kwamba malalamiko yaletwe kwa maandishi."

Katibu. Katibu muhtasi. Hii ni ripoti gani? (Katibu: "Ndiyo iliyopo, bosi. Nyingine hakuna.") (Mkunga mstaafu anainuka kwa mkongojo wake: "Hii nimeielewa yote, wala sikuhitaji kutafsiriwa. Ni wewe!") Bibi yangu, shikamoo. (Bibi: "Marahaba. Ni wewe.") 

Ndugu wananchi, katika mazingira ya kisayansi, hatuwezi kukurupuka kutoka kwenye mafua ya mtu mmoja mpaka kwenye hitimisho. Mimi ni binadamu, sitoi mawimbi. (Fundi simu anakuja mbele: "Mheshimiwa, hatusemi ni mwili wako. Nakuuliza tu, ofisini kwako kunawashwa kitu gani saa mbili na nusu?") Hakuna kitu. Ni shughuli za kawaida za ofisi: taa, feni, na matangazo ya mubashara. (Fundi simu: "Matangazo ya nini?") Ya mimi. Kwa ajili ya uwazi na uwajibikaji, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi alasiri, kamera tatu, moja usoni, moja ubavu wa kulia, na moja mezani, hurusha kazi zangu zote moja kwa moja kwenda kwa hadhira ya kimataifa, kwa ubora wa juu kabisa, maana kiongozi haonekani kwa ukungu ukungu. (Fundi simu anajishika kichwa: "Wazee wangu, sikilizeni. Waya wa jengo letu njia yake ya kupandishia ni nyembamba, kupita ile ya kushushia. Mheshimiwa ameijaza picha zake kutwa nzima. Neno la huyu dada likitaka kupanda linakaa foleni nyuma ya masharubu ya Mheshimiwa. Mpaka masharubu yapite!") 

(Vurugu. Sauti: "Watazamaji ni wangapi?") Takwimu za watazamaji ni nyeti. (Ukumbi: "Wangapi?") Katika robo mwaka iliyopita tumefikia, kwa wastani, wawili. (Kicheko cha kuvunja mbavu.) Na ukuaji ni asilimia mia moja, kwani mwanzo alikuwa mmoja! (Katibu muhtasi, kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kinainasa: "Bosi, wote wawili ni mama. Ana simu mbili.")

Ndiyo. Ni mama yangu mzazi. Chekeni tu, chekeni. Mama yuko mbali, miguu imemgomea, hawezi tena kusafiri, na mimi likizo nimekuwa nikiiahirisha kwa sababu ya majukumu ya Kitengo. Kila asubuhi anakunywa chai yake ananiangalia. Nikichelewa kula ananipigia. Nikiegemea kiti ananiambia nikae wima. Anajivunia kwamba mwanawe ana meza kubwa, na mimi, ndugu zangu, sina aibu kusema, nikijua mama ananiona ndipo ninapojiona nina kazi. Mwacheni mama yangu nje ya jambo hili. (Kicheko kinapoa. Mtu mmoja: "Mama ni mama.")

(Mkalimani anasimama. Mkononi ana simu yake inayopima. Inasoma elfu moja mia tisa. "Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na mama yako. Naomba robo saa tu. Sasa ni saa tano kasoro dakika saba. Nikiikosa kazi hii sina nyingine, na mtoto wangu wa kwanza anaanza shule mpya mwezi ujao. Robo saa, kisha uwashe.")

Dada, ombi lako limegusa moyo wa Kitengo, na napendekeza iundwe hapa hapa kamati ndogo, yenye hadidu za rejea... (Ukumbi: "Aaaah!") ...basi kamati ndogo sana, ya watu watatu, itakayotoa mapendekezo ya awali... (Bibi: "Mwanangu, nimezalisha wanawake miaka arobaini. Mtoto akifika hapo hatuundi kamati." Makofi ya nguvu, watu wanasimama.) Nadhani, kwa kuzingatia maoni ya wadau, na bila kuathiri haki ya ofisi kupitia upya uamuzi huu, naweza kuridhia kimsingi kwamba, iwapo taratibu... (Mkalimani haketi. Anaigeuza simu yake imwelekee Mheshimiwa.)

Katibu. (Katibu: "Naam, bosi. Nilete fomu ya idhini?") Chomoa. (Katibu: "Nichomoe ipi?") Zote tatu. Chomoa!

(Katibu muhtasi anakimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Taa nyekundu za kamera zinazimika moja baada ya nyingine. Mkalimani anatazama simu yake. "Elfu moja mia moja... mia tatu... Thelathini na moja!" Kelele, vigelegele. Anavua viatu, anavishika mkononi, anapanda ngazi mbio. Nusu ya ukumbi inamfuata mpaka mlangoni, fundi simu anawazuia: "Mtu asiguse simu yake! Mtu asifungue hata picha! Tokeni hewani wote!")

Ahsanteni. Wakati tukisubiri, niruhusuni niendelee na ukurasa wa tisa, kwa ninyi mliobaki, ambao nawahesabu kuwa ishirini, ingawa sita ni mafundi wa viti. Katika ukurasa wa tisa tunazungumzia mafanikio. Kitengo kimeandaa rasimu ya kanuni. Kimeandaa rasimu ya rasimu. Kimeshiriki maonyesho mawili ambapo banda letu lilisifiwa kwa mapazia. Tunaahidi, ifikapo awamu ya saba, kila mkazi atakuwa na dashibodi, na asiye na ukuta wa kuwekea dashibodi atapewa ukuta. (Hakuna makofi. Watu wanatazama dari.) Ninyi mnatazama juu, hamnitazami mimi. Sawa. Na mimi nikiri, sijawahi kusoma ukurasa wa tisa nikiwa sina kamera. Maneno ni marefu kweli kweli. Dakika ngapi zimepita? (Mtunza funguo: "Nane.") Nane tu! Haya. Ukurasa wa kumi. Hapana, ukurasa wa kumi ni ule ule wa tisa, tuliurudia ili kitabu kinenepe.

Bibi, usitembee tembee, utachoka. Kaa. (Bibi: "Sikai.") Basi tusimame wote. (Ukumbi unasimama.) 

(Kishindo cha miguu ghorofani. Sauti ngazini, kisha sauti kumi, kisha jengo zima: "Amepita! Amepita! Robo saa nzima haikuvuka thelathini na nne!" Bibi anatupa mkongojo chini: "Mkwe wangu amepita!")

Amepita! Amepita, ndugu zangu! Haya, hapo ndipo mnapoona faida za mradi! Nani alisema mradi huu hauna matunda? Iandikwe, katibu, kwamba leo, saa tano na dakika kumi na tano, kupitia mradi wetu, kwa vifaa vyetu mia tatu na kumi na viwili, na chini ya uongozi wangu makini, Kitengo kimegundua chanzo na kukiondoa katika muda wa... Ucheleweshaji! (Hakuna anayeitikia, wako ngazini.) Hodi zetu! Sema "zijibiwe mapema"! Mtandao bora! Sema "huanzia nyumbani"! Na sasa, kwa kuhitimisha, napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa wataalamu wa mradi, ambao kwa moyo wa kujituma... (Simu yake inaita mfukoni. Anaitazama.)

Samahani. Ni mama.

Shikamoo, mama. ... Hapana, mama, sijafa. ... Sijafukuzwa, hapana. Nimezima mwenyewe. ... Nimezima kwa sababu kulikuwa na mama mmoja hapa juu alikuwa na mtihani wa kazi, na mimi nilikuwa nimeziba njia. ... Ndiyo, kwa picha. ... Ndiyo, mama, zote tatu. ... Amepita, ndiyo, hizo kelele ni zao. ... Nilikuwa nawaeleza kuhusu mradi. ... Mradi wa kupima. ... Vifaa? Vipi kuhusu vifaa? ... Mama, watu wananisikiliza. ... Ndiyo, umeniangalia miaka mitatu, najua. ... Ndiyo, ni kweli, hujawahi kuona kifaa hata kimoja kikiingia ofisini. ... Ndiyo, mama, nilikuwa nagonga mihuri. ... Mingine ilikuwa kwenye karatasi tupu, ndiyo. ... Unajuaje? ... Aa, ile kamera ya mezani.

Mama, ongea taratibu. ... Hapana, nakusikia vizuri sana, leo sauti yako inafika kabla sijamaliza kupumua. ... Sawa. ... Sawa, mama. Nitasema. Kwa maneno ya nyumbani, sawa.

Ndugu zangu, mama hataki nikate simu mpaka asikie mwenyewe, kwa hiyo naishika hapa kwenye maikrofoni. Nawashukuru kwa kuja. Vile vifaa havikufungwa kwenu kwa sababu havikuwahi kuwepo. Wataalamu wa mradi ni mimi na katibu, na katibu alinikataza. Awamu saba nilizitunga jana nikisubiri kunyolewa. Kilichopimwa hapa kwa miaka mitatu ni kile dada mkalimani alichopima kwa siku kumi na tisa, kwa simu yake na daftari la mtoto wake, na chanzo kilikuwa mimi. Kwa hiyo shukrani zote ni zake. Mradi haukuwepo. (Bibi, mkono sikioni: "Hebu rudia hapo mwisho.") Mradi haukuwepo, bibi.

Nimesema, mama. ... Hapana, hawajapiga makofi, wako juu kwa dada wanashangilia. ... Ndiyo, naenda kumwambia mwenyewe. ... Na Jumamosi nakuja nyumbani uniangalie vizuri.